Lebo

Mkuu wa shule alitaka kabati lisome Kiswahili.
Nikanunua kalamu nene Makoroboi,
nikaketi kwenye stuli, dirisha likitazama mawe ya Bugarika
na kipande cha ziwa kisichozidi kiganja.

Shaba ilijiandika yenyewe. Chumvi nayo.
Chupa ya kahawia ndiyo iliyonishika mkono.
Agenti? Watoto watauliza, wakala wa nani.
Nikaandika jina tulilolikuta kwenye vikuku vya mabibi:
FEDHA(I) NITRATI.
Ile moja ndani ya mabano ni pengo:
kila chembe imetoa elektroni, haijarudishiwa.

Kidato cha tatu wakacheka.
“Mwalimu, fedha mbili ipo?”
Ipo, Nkwimba, ila adimu, ina hasira,
hunyang’anya chochote kilicho jirani.
Huishi na florini, na hapa florini hatuna.
“Na fedha sifuri?”
Hiyo ni metali tupu, ya pete,
isiyodai wala kudaiwa.
“Basi mimi mfukoni ninayo,” alisema Luhende,
na kipindi kikaishia hapo.

Kesho yake tukaijaribu kwenye maji.
Ya ziwa yalififia kidogo, kama jicho lenye usingizi;
yale ya ndoo ya chumvi, ya mama yake Nkwimba,
yakaganda weupe wa tui.
Fedha(I) kloridi, andikeni.
Tuliisahau dirishani. Adhuhuri ilikuwa zambarau,
jioni kijivu.

Usiku mmoja wa mvua ya Aprili mtu alivunja kufuli.
Hakugusa mizani, wala hadubini.
Alichukua neno langu.
Namwona gizani akimimina fuwele nyeupe,
akizisugua kwa vidole vilivyolowa,
akisubiri zilie kama sarafu.
Hazilii. Ila jua lilipopanda
kila chembe ilijipatia elektroni kwenye ngozi yake,
ikawa sifuri, nyeusi,
isiyosikia sabuni.

Jumamosi nilimkuta Mwaloni akihesabu chenji ya dagaa.
Vidole vitatu, na ukingo wa kiganja.
Akaniona natazama. Akavitazama vyangu:
miaka kumi na tisa ya maabara, kucha za mkaa.

“Nyie ni mafundi rangi?” muuzaji aliuliza.
“Kazi yetu moja,” nilisema.

Yule bwana akameza mate.
Nikamwambia polepole, kama mtu anayeuliza bei,
kwamba ngozi hujivua kwa wiki mbili hivi,
asijisugue na mafuta ya taa.

Chupa haijarudi. Imekuja nyingine kutoka bohari,
nami nimekaa tena kwenye stuli ileile.
Safari hii nimeanza na mabano.