Mikono ya Malkia

Dalali amegonga meza kwa nyundo yake ndogo
na picha ya kwanza imepandishwa juu ya kiti:
Bibi Thomasin Yelland, malkia wa Thrakia,
bakuli la sumu mikononi, macho mbinguni,
na nyuma yake pazia jekundu ambalo, mimi nalijua,
lilikuwa kitambaa cha meza ya mchoraji.

Nimesimama mlangoni na wapagazi.
Mvua ya Bath imenifuata hadi ndani,
inadondoka kutoka ukingo wa kofia yangu.
Bwana mmoja anainua miwani yake ya mkono:
"Itazameni mikono ile. Mikono kama ile
haifundishwi. Mtu huzaliwa nayo."
Naivuta yangu ndani ya shali.

Bibi hakuwa na nafasi, ndiyo maana.
Asubuhi mazoezi, jioni jukwaa,
usiku wageni wasiojua kuaga.
Alimpa Bwana Fennick uso wake kwa saa mbili,
Jumanne moja, huku akitafuna tufaha,
kisha akasema, "Mwili uchukue kwa Hepziba.
Amenivisha miaka sita, anajua ninavyosimama."

Basi nikasimama mimi,
binti wa mfua nguo wa Tiverton,
ndani ya hariri niliyoishona kwapa mara tatu,
nimebeba bakuli la supu,
siku tisa,
kwa peni nne na kipande cha mkate.

Fennick hakujua kuibembeleza brashi.
Alichora alichokiona.
Kwa hiyo juu ya gumba la kulia
lipo kovu, jembamba kama punje ya shayiri:
pasi iliniunguza mwaka ule wa theluji nyingi.
Hakulifuta.

Picha ilipotundikwa, mji mzima ukaliona.
Magazeti yakaandika kuwa ni jambia la jukwaani,
usiku fulani kule Norwich, alipojikata kweli
na hakulia, na watazamaji wakapiga makofi.
Bibi akaingia na gazeti chumba cha kuvalia,
akalisoma mara mbili,
akacheka hadi poda ikapasuka shavuni.
Kisha akaketi, akaninyoshea mkono wake,
laini, usio na doa.
"Nichore," akasema.

Nikamchora.
Rangi ya midomo kidogo, masizi ya mshumaa kidogo,
kila usiku, miaka kumi na mmoja,
nikitazama gumba langu nisije nikakosea.

Picha nyingine nazo zinapita. Ile ndogo,
iliyochorwa kwenye pembe ya ndovu,
ambayo bwana mkubwa fulani aliirudisha
bila fremu yake ya dhahabu.
Ile ya kuchapwa, ya peni sita, iliyobanduliwa
ukutani kwa muuza bia, ingali na duara za vikombe;
mtoto wa nyumba ile alimwongezea masharubu.
Bibi aliyapenda masharubu yale.
Alisema sasa anafanana
na mtu anayelipwa mshahara kwa wakati.

Miaka ya mwisho hakuna aliyekuja na turubai.
Risasi ya ile poda nyeupe ilikuwa imemla ngozi,
na kijiko kilicheza mkononi kama kengele.
Nilimlisha. Hakunishukuru, wala sikungoja.
Februari, nilipomwosha mara ya mwisho
kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha kitani,
nilifika kwenye gumba, nikasita.
Hapakuwa na kitu.
Nikausogeza mshumaa,
nikachukua masizi.

"Gini arobaini! Arobaini na mbili!"
Nyundo inashuka. Bwana wa miwani amempata malkia wake,
tayari anauliza gari liko wapi,
na kama mvua itaharibu rangi.
Mpagazi mmoja anageuka, hamwoni mwenzake, ananiona mimi.
"Mama, hebu shika upande ule."
Nashika, vidole vyangu pembeni mwa vidole vyangu.
Fremu ni nzito kuliko nilivyodhani.