Isiyotia Chumvi

Dukani kwa Famau, Barabara ya Digo,
navaa hedifoni ya tano tangu adhuhuri.
"Hii ina mshindo, yatikisa kifua," asema.
"Vijana wa Kisauni hawataki nyingine."

Sijaribu kwa muziki.
Nina sauti moja tu simuni, ya Munira,
sekunde nne:
"Haya. Sawa."

Ya mshindo yamkoroga kama uji wa mtama, mtamu;
naona kanisamehe.
Ile nyeupe yamnoa,
"sawa" yake yatoka na wembe;
basi tena, nasema, ndiyo kwaheri.
Nyingine yamweka mbali, mwisho wa ukumbi wa harusi.

Famau achoka. Avuta chini ya kaunta
nyeusi isiyo na jina, sponji imebanduka.
"Hii haina ladha. Watu huirudisha."

Naivaa.
Pangaboi la kwetu Majengo, lile lenye kikwaruzo.
Kijiko chagonga kikombe.
Halafu pumzi, ambayo sikuwahi kuisikia,
ndefu,
kabla ya "haya".
Hana hasira. Hanibembelezi.
Amechoka tu.

"Waichukua hiyo?"
Namhesabia pesa zake zote, siombi apunguze,
mimi, niliyelelewa Marikiti.