Sahani ya Fumie

Mwezi wa tatu, Sur, joto bado halijaota meno.
Jirani Fumie kapiga hodi, sahani mkononi:
nikadhani vitumbua. Kumbe vya waridi, vinanata,
kila kimoja kimeviringwa jani la mcheri
lililolala kwenye chumvi mwaka mzima.
"Leo sikukuu ya mabinti," akasema.
Wake yuko Osaka. Hakuniambia atarudi lini.

"Jani nalo huliwa?"
Akacheka: "Hata kwetu tunagombana."

Sahani hairudi tupu.
Nikachota halua ya Barka,
zafarani, iliki, samli iking'aa kidoleni.
Nikatafuta jani la kuifungia,
sikupata ila la mgomba
uani kwa shangazi Zuwena.

Usiku, simu ikaguna. Ujumbe wake:
"Tamu sana.
Jani nimelila."