Mpishi wa Jeshi Amjibu Malenga

Malenga, weka kinubi chini, ule kwanza.
Zeituni ni za mwaka jana, mkate ni wa leo.
Unaniuliza nani aliyeivunja Ardamo,
na naona kidole chako kishakaa juu ya uzi
wa Damasipo, mwenye mabega ya fahali.

Haya, mwimbe. Alistahili.
Kila alfajiri alivaa shaba, akaenda chini ya ukuta,
akataja jina la baba yake, la babu yake,
akataja hata la farasi wake,
na jioni tulimrudisha mwenzake mmoja juu ya ngao.
Miaka saba hivyo.
Ukuta haukuwa na masikio.

Eukrito alikuwa mfupi. Usilisahau hilo.
Alikuwa na kikohozi na viatu vya kuazima,
na akija jikoni kwangu hakuja kula.
Alipanda juu ya rundo la kuni, akautazama mji,
akahesabu.
"Simo," akaniambia, "mwaka wa kwanza
moshi wa matanuri yao ulikuwa arobaini.
Leo ni tisa."
Nikadhani ni porojo za mtu asiyejua kurusha mkuki.

Usiku mmoja upepo ukageuka, ukavuma kutoka baharini.
Akaniamsha kwa mguu. "Kanda."
Nikande nini?
"Unga wote."
Wote, malenga. Wa wafalme, wa kafara,
na ule wa shayiri tuliowafichia farasi.
Tukachimba matanuri sitini mchangani,
tukatia asali kiasi, na mbegu za shamari.
Damasipo akaja na upanga uchi:
vita gani hivi vya wanawake?
Eukrito akampa kipande cha ganda, cha moto.
Akala. Akanyamaza.
Miaka saba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Harufu ilipanda ukuta bila ngazi.
Hakuna mshale wa kuitungua harufu.
Ikaingia nyumba kwa nyumba, ikaketi kando ya vitanda,
ikawaita watoto kwa majina yao.
Tulisikia mtoto mmoja akilia,
kisha wa pili,
kisha hatukuweza tena kuwatenganisha.

Jua halijafika utosini, komeo likasogea.
Akatoka mlinzi wa lango. Fileto, tuliambiwa baadaye.
Hakuwa na mkuki. Alibeba kapu.
Kapu, malenga. Alidhani tutalijaza.

Hapo ndipo wimbo wako unapotaka kuanza,
maana hapo Damasipo alikimbia mbele ya wote
na maneno makubwa yakapata kazi.
Mimi nilibaki na mikate mia tatu ikipoa,
na Eukrito juu ya rundo la kuni,
ameupa mji mgongo.
Hakuhesabu tena moshi.
Ulikuwa mmoja tu, mkubwa.

Eti aliwaahidi chakula?
Hakuahidi kitu. Hakusema uongo hata mmoja,
aliuacha upepo useme.
Wakubwa hunena akili nyingi huondoa maarifa.
Mimi sijui. Tulirudi nyumbani tukiwa hai,
mimi na hawa vijana unaowasikia wakicheka nje,
wanangu, ambao wasingezaliwa.
Ila nimeoka tangu siku ile miaka thelathini
na kuna asubuhi mkono unakataa kuingia ungani.

Kila vita vina wa kuimbwa na wa kuvimaliza,
na hawa wawili hawali sahani moja.
Yule wa kwanza mnampa kaburi la kilima.
Wa pili mnamkumbuka mkishalewa,
mnapunguza sauti.

Kapu lile ninalo. Hilo hapo, lenye vitunguu.

Sasa chukua kinubi chako. Mwimbe Damasipo, watu walipe.
Lakini ukifika pale lango linapofunguka,
usiseme nguvu, usiseme miungu.
Nyamaza kidogo, pumzi moja tu,
wanuse.