Ngome ya Miezi Kumi na Tisa

Walikata misonobari mia nne, wakaichonga ncha,
wakajifungia ndani na mizinga miwili.
Baridi nzima ya Wyoming hakuna aliyewashambulia.
Kiseyeye ndicho kilichobisha hodi:
Koplo Dreher alitema meno matatu kofiani,
akayahesabu kama mshahara.

Machi, hatua arobaini nje ya lango,
vitunguu mwitu vilikwisha chipua.
Komeo halikuguswa.

Kisha amri: ondokeni.
Wakawafukua wenzao, wakawapakia garini.
Moshi wa ngome ulionekana siku mbili.

Imebaki dohani, mawe matupu,
na Delphine Farasi-Wawili, kila Mei,
na ndoo yake, na kisu cha bibiye.
Kifungo cha shaba akikikuta, hukirudishia udongo.
Kitunguu hukipangusa kwa pindo
na kukitafuna hapohapo.