Dadu Chini ya Kabati

Meza ilikuwa mlango.
Mlango wa choo cha zamani, kusema kweli,
umelazwa juu ya kreti mbili za soda
katika chumba cha uani, Kiboriloni,
nasi watano tumekunja miguu kila Ijumaa
Elirehema akishafunga duka lake la madaftari.

Ramani tuliichora nyuma ya kalenda ya SACCOS.
Buni mbichi ndizo zilizokuwa mazimwi,
vizibo vya soda, askari wa mfalme;
na dadu ya nyuso ishirini
aliichonga kwa mpingo fundi mmoja wa Pasua
aliyeuliza mara tatu, "Ishirini za nini?"
Haikukaa sawa ile dadu. Ilipenda saba.
Tukazoea. Dunia yetu ikawa ya watu wa saba,
wasioshinda sana wala kushindwa sana.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao:
kauntabuku, kalamu ya buluu, na kazi ya kuuliza,
"Umesema unaruka, au unafikiria kuruka?"
Maana mezani pale neno likitoka limetoka,
na dadu haisikii samahani.

Ukucha, mwizi wake Namkunda,
hakujua kusoma, ila kufuli yoyote
ilimwambia siri zake kama shoga wa saluni.
Miezi kumi na minne tulimfuata.
Alituvusha Jiji la Chumvi. Alimwibia joka jino
joka likiwa macho, likicheka
(sauti ya joka ni Elirehema ndani ya ndoo ya rangi,
hadi kwaya ya jirani ikasitisha mazoezi).

Kisha usiku ule. Umeme umekatika.
Daraja la kamba, hatua nne tu zimebaki.
Namkunda akaipuliza dadu, akarusha,
ikagonga sahani ya karanga, ikabingirika
chini ya kabati.
Tukalala kifudifudi wote, na tochi ya simu,
kwenye vumbi, sindano, soksi ya mtu.

Moja.

Elirehema angeweza kusema imekwama, irushwe tena.
Tulimtazama aseme hivyo.
"Kamba inakatika," akasema,
kwa sauti yake mwenyewe.
Namkunda akachukua sweta lake.
Ile dadu hatukuiona tena.

Miaka tisa. Kauntabuku lile limekuwa riwaya,
na mhariri ameandika kwa wino mwekundu,
ukurasa wa mia mbili na tatu:
*Kifo hiki hakina sababu. Msomaji atadai.*
Nimejaribu. Nimemtafutia Ukucha msaliti,
nimemtafutia laana ya ukoo, hata kifua kikuu,
na kila nikiandika naona viganja vya Namkunda
vimejaa vumbi.
Nimeacha ilivyo. Alikanyaga, ikakatika.

Jana Namkunda kanitumia kazi yake kutoka Arusha.
Huko Sakina, juu ya gereji, wanachora katuni,
macho makubwa ya Kijapani, nywele za upepo,
picha ishirini na nne kwa kila sekunde.
Daraja lile lile. Hatua nne.
Kamba inakatika, Ukucha anaanguka,
anaanguka sekunde tisa nzima,
picha mia mbili na kumi na sita,
mkono mmoja ukipapasa hewani
kama unaotafuta tundu la ufunguo.
Kisha kidole kinazama. Kinazunguka.
Hewa inafunguka.

Nikampigia saa hiyo hiyo.
Sikusalimia.
"Ulipata ngapi?"

"Saba," akasema,
na nyuma ya sauti yake nikasikia kitu cha mpingo
kikigongagonga meza.