Ubao wa Kunduchi

Saa kumi na mbili na robo nafungua dirisha la tiketi.
Kabla sijagusa chaki nampigia Pazi.
Simu inaita mbali, kama imelowa.

Redio imeshasema. Redio husema kwa jumla:
ukanda wa pwani, upepo mkali kiasi,
mawimbi hadi mita mbili, vipindi vya mvua.
Redio haiijui Pangavini.
Haijui kwamba pale kati, mkondo na Kusi wakikutana,
maji husimama wima
kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

Pazi analinda Mbudya. Usiku wake wa tisa huu, na zamu ilikuwa ya siku tatu.
"Upande wa bara shwari, unaweza kunawia uso.
Upande wa nje, dada Zamda, usiulize.
Fungu Yasini silioni. Naona weupe tu
pale lilipokuwa."
Kisha kimya. Namsikia akivuta hewa kwa pembe ya mdomo.
"Na hilo jino?"
"Lipo. Limeamka kabla yangu."

Naandika: LEO BOTI HAKUNA.

Saa tatu jua linatoka kama halijawahi kukosea.
Sweta langu linaanza kuniwasha shingoni.
Bahari imelala bapa, kijani kibichi, ya kupigia picha,
ndipo wanashuka watu wa harusi, kumi na wanane,
na sufuria la pilau limefungwa kitenge.
"Mbona kweupe?"
Nawaambia kipupwe hubadili nguo mara tatu kabla ya adhuhuri.
"Wewe umeyaona wapi, nawe umekaa dirishani?"
Sina jibu. Nina simu ya Pazi na ubao.
Wanalila pilau lao palepale mchangani, wamenipa kisogo.
Baadaye mtoto mmoja ananiletea sahani, hasemi kitu.
Nakula nimesimama.

Saa saba, shwari.
Saa nane, bado shwari, naanza kuona haya
kama mtu aliyelia msibani akakuta maiti anapiga chafya.
Kwenye droo, chini ya daftari la risiti,
kuna vidonge kumi na viwili na kichupa cha mafuta ya karafuu
nilivyonunua Tegeta Ijumaa ile,
nikadhani Jumamosi vitakuwa vimefika.
Boti ya Mkwama imefungwa hatua thelathini kutoka hapa.
Dakika kumi na tano. Kwa maji haya, hata kumi.

Naangalia ubao.
Herufi mbili tu.
Nikifuta HA, inabaki KUNA.
Kisiwa kizima kinaning'inia kwenye ncha ya kidole changu,
na kidole, Mungu anisamehe, kinanyanyuka,
kinafuta H.

Simu.
"Umeona?"
"Nimeona nini?"
"Basi subiri."
Nyuma ya sauti yake kuna kitu kama lori linamwaga kokoto,
linamwaga, halimalizi.

Kwetu kulianza na harufu, ya mwani uliong'olewa.
Halafu Mbudya ikafifia upande wa kusini, kama imeshikwa na kifutio.
Halafu wimbi la kwanza, refu, halina haraka,
likapita juu ya mwamba ambao tangu asubuhi
watoto walikuwa wakiokota kome,
likaipandisha boti ya Mkwama, likaishusha, likaipandisha,
hadi kamba ikalia.
Mkwama akakimbia na kamba ya pili.
Watu wa harusi wakakusanya viatu.
Bwana harusi peke yake aligeuka kunitazama,
na mimi nikainama, nikajifanya natafuta chaki.

Nimeirudisha H.
Imetoka kubwa kuliko wenzake, imepinda,
kesho nitaifuta yote niandike upya.

Saa kumi na moja nampigia tena. Mvua inapiga bati, huku na huko.
"Dawa zako ziko hapa," namwambia. "Kwenye droo."
"Najua ziko hapo."
"Na jino?"
Anafikiri.
"Kwa makelele haya," anasema, "hata lenyewe halijisikii."